Maji ya Oktoba pale Igamba

Mradi wa umeme wa maji hutangazwa kwa namba moja, nayo ni megawati. Ule wa Mto Malagarasi, pale Igamba mkoani Kigoma, tunaujua kwa megawati 49.5. Mwaka 2020 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliuidhinishia mkopo wa dola za Marekani milioni 120, na nyingine milioni 20 zikatoka kwenye mfuko unaosimamiwa na benki hiyohiyo. TANESCO ndiyo yenye mradi. Namba hizi zimesomwa majukwaani na kuandikwa magazetini, na ndivyo inavyostahili, maana Kigoma imekaa miaka mingi ikiunguza dizeli kwenye majenereta huku mikoa mingine ikitumia gridi ya Taifa. Ila kuna namba nyingine ambayo ni nadra kuisikia. Ni mita ngapi za ujazo za maji kwa kila sekunde zitaachwa ziendelee kupita juu ya mawe ya mto, kati ya banio, yaani ukuta unaozuia maji, na nyumba ya mitambo, ifikapo Oktoba na Malagarasi umepungua?

Nauliza kwa sababu ya samaki ambaye wengi wanaokula dagaa na migebuka ya Kigoma hawajapata kumwona. Kitaalamu anaitwa Chiloglanis igamba, na jina la pili amelipata kutokana na maporomoko ya Igamba, yaliyoko Malagarasi ya chini, kabla mto haujafika Ziwa Tanganyika. Yumo katika familia moja na gogogo, kwa hiyo ni wa ukoo mpana wa kambare, lakini ni mdogo mno: urefu wake ni sentimita chache tu, na mtu mzima anaweza kumfunika kwa kidole. Hauzwi popote. Hakuna mvuvi anayemtafuta, na akinaswa kwa bahati mbaya hana wa kumtia sufuriani.

Mgeuze chali ndipo utakapomwelewa. Mdomo wake uko chini ya kichwa, na midomo yote miwili imetanuka, ikaungana na sharubu, ikafanya sahani laini ya duara iliyojaa vinundu vidogo. Sahani hiyo akiibandika juu ya jiwe, anabaki pale hata maji yanapopita kwa nguvu ya kumwangusha mtu. Katikati ya sahani, upande wa taya la chini, kuna safu fupi ya meno yaliyopinda. Upande wa juu kuna meno mengi yaliyosongamana. Kwa meno hayo anakwangua mwani na kuokota mabuu ya wadudu yaliyojishikiza kwenye mawe. Macho yako juu ya kichwa. Ngozi haina magamba. Mgongoni na kwenye mapezi ya kifuani ana miiba ambayo ikisimama hujifunga, kama ilivyo kwa ndugu zake gogogo, na kila aliyewahi kumtoa gogogo kwenye wavu kwa haraka anajua maumivu yake.

Samaki wa namna hii hawaishi kwenye maji yaliyotulia. Jenasi yao, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani Wilhelm Peters mwaka 1868, imetapakaa kwenye mito mingi ya Afrika, na karibu kote inapatikana mahali pa aina moja: maji yanayokwenda kasi, yenye oksijeni nyingi, yanayopita juu ya mawe safi. Tope likijaa kwenye nafasi zilizo kati ya mawe, chakula chao kinafunikwa na maficho yao yanazibwa. Maji yakisimama, sahani ile ya mdomo haina kazi. Kutoka Igamba kwenda juu au chini ya mto kuna sehemu ndefu za maji mapole, na kwa samaki huyu sehemu hizo ni sawa na nchi kavu.

Hapa ndipo ulipo mgogoro wenyewe, na nadhani hatujauzungumza sawasawa. Tunapoambiwa kwamba mradi wa umeme umekutana na samaki adimu, tunalichukulia kama balaa, kwamba katika kilomita mia kadhaa za mto, kwa bahati mbaya, wahandisi wamepachagua mahali palepale alipo huyo samaki. Bahati haimo. Umeme wa maji unahitaji vitu viwili, maji mengi na anguko. Anguko ni mahali ambapo mto unashuka mita nyingi ndani ya umbali mfupi, na mto unaposhuka hivyo unaosha udongo, unaacha mwamba mtupu, unajichanganya na hewa na kuunda maporomoko. Mhandisi anaona mita za anguko. Samaki anaona mawe safi na oksijeni. Wote wawili wameitwa na mteremko uleule, na kwa sababu hiyo kila mradi wa namna hii utakutana na wakazi wa namna hii. Pale Igamba ni Chiloglanis. Kwenye mto mwingine atakuwa konokono, au sikilidi mdogo wa kwenye mawe (jamii moja na perege), au mmea. Malagarasi wenyewe una sikilidi wa jenasi ya Orthochromis waliozoea maji ya kasi, mmoja akiitwa Orthochromis malagaraziensis na mwingine Orthochromis uvinzae, majina yanayotosha kukuonyesha wanakotoka.

Kwa hiyo swali la kwamba je, kuna kiumbe wa pekee mahali hapa, lisiulizwe kama jambo la kushangaza mwishoni mwa upembuzi yakinifu. Jibu lichukuliwe kuwa ni ndiyo tangu siku ya kwanza, na kazi ya wataalamu iwe kumtafuta ni nani na anahitaji nini.

Igamba imeshapita njia hii mara moja. Februari 2008, Rais George W. Bush alipokuja Dar es Salaam, yeye na Rais Jakaya Kikwete walitia saini mkataba wa Changamoto za Milenia, wa MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani, wenye thamani ya dola milioni 698. Ndani yake mlikuwa na barabara, maji, waya wa umeme wa chini ya bahari kwenda Zanzibar, na mtambo mdogo wa megawati 8 kwenye maporomoko ya Igamba kwa ajili ya Kigoma. Tathmini ya mazingira ilipofanyika, ikaonekana kwamba eneo lile lina viumbe ambao makazi yao yangeharibiwa, na MCC ikajitoa kwenye sehemu hiyo ya mkataba. Badala yake Kigoma ikapelekewa umeme wa jua kwa shule za sekondari, zahanati na vituo vya afya.

Utazame mfuatano wa miaka. Mkataba ulisainiwa 2008. Chiloglanis igamba alipewa jina mwaka 2011, pale John Friel na Thomas Vigliotta walipochapisha maelezo ya spishi tatu mpya za jenasi hiyo kutoka Malagarasi ya chini na mto jirani wa Luiche. Mwenzake mmoja ni Chiloglanis orthodontus, ambaye meno yake ya chini yamenyooka kuliko ya wenzake. Mwingine ni Chiloglanis kazumbei, jina lililotolewa kumuenzi Mtanzania wa Kigoma mwenye uzoefu mkubwa wa samaki wa huko. Maana yake ni kwamba mradi wa kwanza ulipangwa, ukatengewa fedha na kusainiwa na marais wawili wakati samaki huyu hana hata jina. Asingeweza kuwa kwenye orodha yoyote ya viumbe walio hatarini. Ofisa aliyefungua orodha hizo mwaka ule asingemkuta, na angekuwa mkweli kabisa akiandika kwamba samaki wa namna hiyo hayumo orodhani.

Wapo wanaolichukulia tukio la MCC kama ushindi wa uhifadhi. Mimi silioni hivyo. Mfadhili alijitoa, mto ukabaki na anguko lake, na Kigoma ikabaki na giza lake. Hitaji halikuondoka, na kilichofuata kilikuwa mradi mwingine, wenye mfadhili mwingine, mkubwa mara sita kuliko ule wa kwanza. Mtu wa Uvinza akisema kwamba wazungu walimnyima umeme kwa ajili ya samaki, anakosea kuhusu samaki lakini hakosei kuhusu namna alivyotendewa, maana hakuna aliyerudi kumweleza ni nini hasa kimelindwa na kwa muda gani. Kulinda mto kwa kuondoa fedha ni kulinda mpaka fedha nyingine zije. Miaka ile iliyopatikana katikati ilikuwa na thamani moja tu, nayo ni nafasi ya kuupima mto kwa utulivu, misimu ya mvua na misimu ya kiangazi, kabla shinikizo la mkandarasi halijaanza.

Na tunayo shule yetu wenyewe, hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1996, kwenye korongo la mto Kihansi katika milima ya Udzungwa, watafiti walimkuta chura mdogo wa rangi ya njano anayeishi kwenye majani yaliyoloweshwa na rasharasha za maporomoko. Ujenzi wa mtambo wa Kihansi ulikuwa umekwisha kuanza. Mtambo ulipowashwa, ukiwa na uwezo wa megawati 180, karibu asilimia 90 ya maji ya korongo lile ikaelekezwa kwenye handaki, na rasharasha zikakatika. Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa kwenda kwenye bustani za wanyama Marekani ili wasiishe. Korongoni kukafungwa mabomba ya kunyunyiza maji kuiga maporomoko. Kwa muda idadi ya vyura ikapanda, kisha 2003 ikaporomoka, na ugonjwa wa ukungu unaoua vyura ukagundulika miongoni mwao. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 walianza kurudishwa nchini, kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaachiwa tena korongoni.

Kihansi husimuliwa kama kisa cha uokoaji, na waliofanya kazi ile wanastahili heshima kubwa. Sijui mahali pengine ambapo chura alitoweka porini kisha akarudishwa korongoni kwake kwa juhudi kama hizi. Ila kwa anayepanga mradi, funzo lake ni la hesabu. Mabomba ya kunyunyiza, maabara mbili za kuzalishia, safari za ndege, wataalamu wa magonjwa, miaka zaidi ya kumi: vyote hivyo ni bei ya kuuliza swali la maji baada ya zege kukauka. Chura, pamoja na yote, alikuwa na bahati. Alikuwa wa njano, anapendeza kwenye picha, anazaa watoto hai wadogo kama punje, na bustani za wanyama zilimtaka. Chiloglanis hana hata kimoja kati ya hivyo. Kumzalisha kwenye tangi kunataka maji ya kasi na mawe yenye mwani hai, na hakuna foleni ya bustani za wanyama inayomsubiri. Akiisha Igamba, ameisha.

Mradi wa sasa ni wa aina ambayo haina bwawa kubwa. Banio linazuia maji, mfereji au bomba linayachukua kando ya mto hadi kwenye mitambo iliyo chini ya maporomoko, kisha maji yanarudi mtoni. Watetezi wake husema, kwa haki, kwamba mradi wa namna hii hauzamishi vijiji wala misitu, na tone la maji lililoingia linatoka. Ni kweli kwa mto mzima. Si kweli kwa kipande kilicho kati ya banio na mitambo, na kipande hicho ndicho chenye mteremko, ndicho chenye mawe. Wataalamu wa mito wanakiita kipande kilichorukwa. Mwezi Machi hakuna tatizo, kwa kuwa Malagarasi unabeba maji mengi kuliko mitambo inavyoweza kumeza na ziada inamwagika juu ya banio na kupita njia yake ya zamani. Tatizo ni kiangazi. Mvua za Kigoma huisha kuelekea Mei, na kuanzia hapo mto unashuka wiki hadi wiki mpaka mvua za Novemba. Septemba na Oktoba mitambo inaweza kuyataka maji yote. Ikipewa yote, kipande kilichorukwa kinabaki na vidimbwi vya joto kati ya mawe makavu, na siku chache za hali hiyo zinatosha kwa samaki anayepumua oksijeni ya maporomoko.

Tuingie kwenye hesabu, maana mjadala huu umekosa hesabu. Mita moja ya ujazo ya maji kwa sekunde ikianguka mita 50, mtambo wenye ufanisi wa asilimia 90 utatoa kilowati 440 hivi. Huu ni mfano wa kukokotoa tu, sisemi ndio vipimo vya Igamba, ila unatupa ukubwa wa jambo. Kwa mfano huo, kuacha mita tano za ujazo kwa sekunde ziendelee kupita mtoni kunagharimu megawati 2.2. Kuacha kumi kunagharimu 4.4, na ni kwa miezi miwili au mitatu ya mwaka tu. Mtambo wa Julius Nyerere kule Rufiji una mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla 2,115. Tunachobishania hapa, kikiwekwa kando ya mashine moja ya Rufiji, ni kidogo sana.

Mwaka 2008 hoja hii isingesimama. Kigoma ilikuwa kisiwa cha umeme, na kila kilowati isiyotoka Igamba ingetoka kwenye pipa la dizeli. Hali imebadilika. Gridi ya Taifa imekuwa ikisogezwa Kigoma kwa njia mbili, moja kutokea Nyakanazi na nyingine kutokea Tabora kupitia Urambo na Nguruka. Mkoa uliounganishwa na gridi hauna haja ya kuukamua mto wake mpaka tone la mwisho mwezi Oktoba. Unaweza kupokea umeme wa Rufiji, Kidatu au gesi ya Mtwara kwa wiki hizo chache, na mvua zikirudi Malagarasi ukarudisha deni. Hii ndiyo faida ya gridi ambayo sijaona ikitumika kwenye mazungumzo ya mazingira. Tunaijadili gridi kama suala la kukatika kwa umeme na bei ya uniti, wakati ndiyo inayotupa uhuru wa kuuachia mto maji yake bila mtu yeyote wa Kasulu au Uvinza kukaa gizani.

Kuna watakaouliza, na wana haki ya kuuliza: samaki asiyelika, asiyeuzwa, mwenye ukubwa wa kidole, ana faida gani kwa mtu? Ningeweza kujibu kwamba yeye ni kipimo cha afya ya mto, kwamba alipo pana maji safi na akitoweka kuna kitu kimeharibika, na hilo ni kweli. Ningeweza pia kutaja nafasi yake kwenye mlolongo wa chakula. Sitaki kumtetea kwa faida za kukopa. Malagarasi ni mto wa kale. Wanasayansi wengi wanaamini kwamba ulikuwepo kabla bonde la Ziwa Tanganyika halijafunguka mamilioni ya miaka iliyopita, na kwamba zamani maji yake yalielekea Kongo moja kwa moja. Ndiyo maana baadhi ya samaki wake wana undugu wa karibu na wale wa Mto Kongo kuliko wa ziwa lililo mbele yao. Kiumbe aliyejitengeneza kwa muda wa namna hiyo, kwenye maporomoko yaliyo wilaya ya Uvinza, ni mali ya Watanzania kwa maana ileile ambayo tembo na mlima ni mali yao. Hatukumwomba atulipe ndipo tumtambue. Na tumeshaona kwamba gharama ya kumwacha aishi ni megawati chache kwa wiki chache. Angekuwa anatudai mradi mzima, mjadala ungekuwa mgumu na ningeuingia kwa unyenyekevu zaidi. Yeye hatudai hivyo.

Sheria ziko upande wake, jambo ambalo wengi hawalifahamu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, inataka maji ya mahitaji ya msingi ya binadamu yatengwe kwanza, na baada yake maji ya kuhifadhi ikolojia, kabla ya matumizi mengine kama umeme na kilimo cha umwagiliaji. Yaani kisheria umeme unakaa foleni nyuma ya mto wenyewe. Chombo cha kusimamia hilo kipo palepale Kigoma, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji. Ninachokiona kama udhaifu ni mahali namba inapokaa. Kiwango cha maji ya kubaki mtoni huandikwa kwenye kiambatisho cha tathmini ya athari kwa mazingira, kwa Kiingereza, ndani ya kurasa mamia, na mwananchi wa kijiji cha jirani hana namna ya kujua kama leo maji yanayopita ni hayo au pungufu. Namba isiyoonekana haisimamiwi na mtu.

Tena kiwango kimoja kwa mwaka mzima hakifai. Kuna mazoea ya kuchukua asilimia kumi ya wastani wa mwaka na kuipachika kila mwezi, kwa sababu ni rahisi kuiandika kwenye mkataba. Wastani wa mto wenye masika makubwa haukwambii chochote kuhusu Oktoba. Kinachotakiwa ni kujua, kwenye mawe yale, maji yakishuka kufikia kiasi gani ndipo kasi inapotea na mawe yanaanza kutokeza makavu. Hilo linapimwa kwa kuingia mtoni na fimbo ya vipimo, sehemu kwa sehemu, wakati wa kiangazi. Ni kazi ya majuma machache kwa watu wanaojua kazi yao.

Na samaki mwenyewe atafutwe kwa njia inayompata. Nyavu za makila zinazotegwa usiku kwenye vidimbwi zitaleta kambare, ningu na wengineo, na ripoti itasomeka vizuri, na Chiloglanis hatakuwemo hata kama wako mamia, kwa kuwa hatembei huko na ana wembamba wa kupenya matundu. Wanaomfahamu humtafuta kwa kusimama ndani ya maporomoko: mmoja upande maji yanakotoka, akisukasuka na kugeuza mawe kwa miguu, mwenzake hatua mbili chini yake ameshika wavu wa matundu madogo uliokita hadi sakafuni. Wengine hutumia kifaa cha umeme mdogo kinachowapumbaza samaki kwa muda. Tathmini ya eneo la maporomoko ambayo haikutumia mojawapo ya njia hizo isipokelewe, na NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, ina mamlaka ya kutoipokea.

Kuna jambo la uendeshaji ambalo halina gharama kabisa. Mitambo ya namna hii huweza kushawishiwa kuhifadhi maji mchana na kuyafyatua jioni watu wanapowasha taa na pasi, kisha kufunga tena. Kwa mto wa chini hiyo ni mafuriko na ukame kila siku. Samaki aliyejibandika kwenye jiwe jioni anajikuta hewani alfajiri. Mwendo wa kupunguza maji ukiwa wa taratibu, wa saa kadhaa badala ya dakika, samaki hupata muda wa kushuka na maji. Vivyo hivyo tope linalojikusanya nyuma ya banio lifunguliwe wakati wa masika, mto ukiwa na nguvu ya kulibeba, na lisifunguliwe Agosti likaenda kuyafukia mawe. Haya ni maelekezo ya kuandikwa kwenye mwongozo wa waendesha mitambo, ukurasa mmoja unatosha.

Juu ya mto nako kusisahaulike. Kabla ya kufika Igamba, maji ya Malagarasi yanapita kwenye ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, mwaka 2000 ikiwa ya kwanza kwa Tanzania, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 32,500. Ndiyo inayoshikilia maji ya masika na kuyaachia polepole. Mifugo, mashamba na ukataji miti vikiendelea kuibana, maji ya Oktoba yatapungua bila hata banio kuwepo, na hapo TANESCO na samaki watakuwa wanagombea kilichobaki. Wenye mtambo wana sababu ya kifedha ya kuilinda ardhi ile kuliko mtu mwingine yeyote, na ningependa kuona sehemu ya mapato ya Igamba ikirudi huko, kwa wafugaji na wakulima wanaotakiwa kubadilisha matumizi ya ardhi yao. Hilo ni somo pana linalostahili makala yake.

Kwa sasa ninachokiomba kinawezekana ndani ya kiangazi kimoja. Bodi ya Bonde itangaze kwa Kiswahili kiwango cha maji ya kubaki mtoni kwa kila mwezi, Januari hadi Desemba, na ieleze kilivyofikiwa. Kwenye kipande kilichorukwa kisimikwe kipimo cha rangi kinachosomeka kutoka ukingoni, chenye mstari ambao maji hayaruhusiwi kushuka chini yake, na serikali za vijiji zipewe namba ya simu ya kupiga mstari ukionekana. TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, ambao wana kituo Kigoma, wapewe fungu ndani ya bajeti ya mradi la kwenda kwenye mawe yale kila Oktoba na wavu wa matundu madogo, wahesabu, na wachapishe walichokipata. Vielelezo vya Chiloglanis wote watatu vihifadhiwe Kigoma, ili mwanafunzi wa biolojia wa Kasulu asilazimike kuandika barua Marekani kumwona samaki wa wilaya jirani. Na kama hesabu ya Oktoba itaonyesha kwamba samaki wamepungua, kibali cha maji kipitiwe upya mwaka huohuo, bila kusubiri kipindi chake kiishe.